Asidi Bila Kioo, Kioo Bila Jina: Kutatua Matatizo ya Kusaka Milipuko ya Kale Kwenye Barafu ya Ncha za Dunia

Malalamiko ninayoyapata kutoka kwa wanaoanza kazi hii ni yaleyale kila msimu. Mmoja ameona asidi imepanda ghafla kwenye barafu ya mwaka fulani, akayeyusha kipande chake, akainamia hadubini siku mbili, asione hata chembe moja ya kioo. Mwingine ana chembe ishirini safi kabisa, ila kemia yake inakataa kulingana na volkano aliyoitarajia. Wa tatu ana kila kitu, lakini tarehe yake inapishana na pete za miti, yaani duara za kila mwaka ndani ya shina, kwa miaka saba. Nimeyapanga matatizo haya kwa dalili ili ukikwama uende moja kwa moja kwenye yako. Kila mahali nimetanguliza chanzo kinachotokea mara nyingi na vipimo visivyogharimu barafu. Vinavyokula barafu vinafuata.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Mche wa barafu ni kipande kirefu cha mviringo kinachochorongwa kutoka juu kwenda chini, nao hutunzwa kwa vipande vilivyokatwa kama miche ya sabuni. Ule wa NGRIP kule Greenland una urefu wa mita 3,085, na ule wa Dome C kule Antaktika unarudi nyuma miaka 800,000. Theluji ya kila mwaka hulala juu ya ile ya mwaka uliotangulia, kwa hiyo kadiri unavyoshuka ndivyo unavyorudi kale. Volkano ikilipuka huacha vitu viwili tofauti katika theluji hiyo. Kimoja ni gesi ya salfa, inayogeuka angani kuwa asidi na hatimaye kuonekana kama salfeti. Kingine ni vigae vya kioo, yaani magma iliyopoa kwa haraka mno, kabla madini hayajapata nafasi ya kujijenga. Asidi inakuambia kwamba kuna jambo lilitokea. Kigae ndicho kinachobeba anwani ya kilikotoka.

Na onyo moja linalotangulia yote: barafu ikishayeyuka hairudi. Usiyeyushe upana wote wa mche. Ukiona kipande kilichobaki ghalani ni cha mwisho cha kina hicho, weka msumeno chini na umwandikie msimamizi wa ghala kabla ya kukata.

DALILI: Asidi imepanda, lakini vigae havionekani

Hili ndilo linaloongoza kwa wingi, na mara nyingi kosa si la barafu.

Chanzo cha kwanza ni kukata mahali pasipo. Watu hukata palepale salfeti ilipofikia kilele. Lakini vigae husafiri na pepo za anga la chini na kuanguka ndani ya siku au wiki chache, ilhali salfa iliyopaa hadi stratosfea, tabaka la anga la juu zaidi, huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, kufika kwenye theluji. Katikati ya Greenland mwaka mmoja huwa na unene wa sentimita 20 na kitu, kwa hiyo kilele cha asidi kinaweza kuwa mbali na vigae vyake kwa kiganja kizima. Kabla ya kuyeyusha chochote, fungua rekodi ya kihesabio cha leza kinachohesabu chembe zisizoyeyuka, uiweke kando ya rekodi ya salfeti. Kisha tafuta chini kidogo ya mahali salfeti inapoanza kupanda, kwa sababu kilichotangulia kuanguka kiko chini.

Cha pili ni kuvipoteza vigae mikononi mwako mwenyewe. Waliofunzwa kutafuta majivu kwenye udongo wa mabwawa na matope ya maziwa wamezoea kuchekecha na kutupa vyote vinavyopita kwenye chekeche ya mikromita 15 au 25 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Kwenye udongo desturi hiyo inasaidia, kwa kuwa uchafu mdogo ni mwingi mno. Kwenye barafu ya Greenland vigae vingi ni vidogo kuliko mikromita 20, kwa hiyo kwa chekeche hiyo unamwaga jibu kwenye sinki. Usichekeche. Yeyusha kipande kwenye chombo safi chenye kifuniko, zungusha maji kwenye sentrifuji kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea, nyonya maji ya juu polepole kwa pipeti badala ya kuinamisha mrija, halafu kausha kilichobaki juu ya kioo cha hadubini. Ukiwa na shaka, hifadhi yale maji uliyoyanyonya na uyazungushe tena. Nimewahi kupata vigae vitatu katika maji ambayo mwenzangu alikuwa amekwisha kuyaandikia "ya kumwaga".

Cha tatu: kioo hakikufika. Hapa inabidi kukubali. Mlipuko wa Toba kule Sumatra, miaka 74,000 hivi iliyopita, ni mkubwa kuliko wowote tuliowahi kuushuhudia, na kuna matabaka ya asidi kwenye ncha zote mbili yanayopendekezwa kuwa yake. Hata hivyo kioo cha Toba hakijathibitishwa kwenye barafu ya Greenland wala ya Antaktika. Kilipopatikana ni kwetu. Mwaka 2013 Christine Lane na wenzake walitangaza vigae vya Toba katika matope ya Ziwa Nyasa, kilomita 7,000 hivi kutoka kwenye volkano, na matope hayohayo hayakuonyesha kwamba Afrika Mashariki ilipatwa na baridi kali wakati huo. Kwa hiyo kukosa kigae kwenye barafu si ushahidi kwamba mlipuko haukuwapo, na wakati mwingine ziwa lililo karibu na mlango wako limehifadhi kile ambacho ncha ya dunia haikukipokea.

Cha nne: hiyo salfeti si ya volkano. Bahari nayo hutoa salfeti, kwa njia mbili. Chumvi ya maji ya bahari hupeperushwa na upepo, na viumbe vidogo vinavyoelea baharini hutoa gesi yenye salfa. Kwa chumvi, pima sodiamu kwenye sampuli ileile, izidishe kwa 0.25, kisha toa jibu hilo kwenye salfeti. Kinachobaki ndicho chenye maana. Kwa viumbe hao, angalia asidi ya methanisalfoniki, ambayo volkano haitoi. Ikipanda pamoja na salfeti, unaangalia bahari. Antaktika husumbua zaidi kwa hili. Kwa Greenland, matabaka ya karne ya 20 yana salfa ya makaa ya mawe ya viwandani, na hapo kilele kidogo cha volkano humezwa kabisa.

Cha mwisho ni nadra, lakini kikikupata kitakula mwezi mzima. Chini ya mita 2,800 hivi kwenye mche wa Dome C, salfeti huhama ndani ya barafu yenyewe, ikakusanyika na magnesiamu na kutengeneza vilele vyembamba vinavyofanana sana na mlipuko. Kwenye kina hicho usiite kilele chochote volkano kabla ya kutazama magnesiamu.

Maabara zenye uwezo hupima pia isotopu za salfa, yaani atomi zake zenye uzito tofauti. Salfa iliyopita juu ya tabaka la ozoni hubeba alama ambayo ya chini haina. Alama hiyo huanza upande wa chanya na kumalizia upande wa hasi, kwa hiyo ukiyeyusha kilele chote kwa pamoja inajifuta. Hiki si kipimo cha kujifunzia peke yako. Tafuta maabara iliyokwisha kukifanya, na ukate vipande vyembamba kwa maelekezo yao.

DALILI: Vigae vipo, asidi hakuna

Wengi wakiona hivi hudhani wamechafua sampuli. Huenda ndivyo, lakini chanzo cha kawaida ni kwamba mlipuko haukuwa na salfa nyingi, au wingu lake lilibaki chini likafika Greenland na majivu tu. Milipuko ya Iceland hufanya hivi mara kwa mara. Ndiyo maana siungi mkono desturi ya kuchagua vipande kwa asidi peke yake. Anayefuata asidi tu huyakosa matabaka mengi ya kioo, na hatajua kamwe kwamba aliyakosa.

Sababu inayofuata ni kifaa. Kile kipimo cha kuburuta ncha mbili za umeme juu ya barafu, alichokitangaza Claus Hammer wa Copenhagen mwaka 1980, hakipimi salfeti. Kinapima ukali wa asidi iliyobaki. Enzi ya barafu, Greenland ilipokea vumbi jingi la chokaa kutoka majangwa ya Asia ya mashariki, na chokaa huua asidi. Mlipuko mkubwa wa wakati huo unaweza kuonekana kama mstari ulionyooka. Amonia ya moto wa misitu ya Amerika Kaskazini hufanya vivyo hivyo katika miaka ya karibu zaidi. Tiba ni rahisi: omba rekodi ya salfeti yenyewe, pamoja na kalsiamu na amoniamu za kina kilekile.

Nadra zaidi ni vigae vilivyofufuliwa na upepo, yaani majivu ya zamani yaliyolala nchi kavu kisha yakapeperushwa tena. Utavitambua kwa uchache wake, kwa kemia iliyochanganyika, na kwa kutawanyika katika miaka kadhaa badala ya kukaa kwenye mstari mmoja. Vya namna hiyo usivipe tarehe.

DALILI: Kuna kitu chini ya hadubini, lakini sina hakika kama ni kioo

Weka vichujio viwili vya mwanga vikiwa vimepishana. Kioo cha volkano huzima kabisa, na hata ukizungusha meza ya hadubini hakiwaki. Madini kama kwatzi na felspa huwaka na kuzima kadiri unavyozungusha. Kipimo hiki cha dakika moja humaliza theluthi mbili ya maswali ninayoletewa.

Theluthi iliyobaki ni ya vitu vinavyozima kama kioo lakini si cha volkano. Diatomu, yaani mwani wenye gamba la silika, zina mistari na vitundu vilivyopangwa kwa utaratibu ambao magma haiwezi kuuiga. Majivu ya makaa ya mawe huwa vipira vya mviringo kamili na hukaa kwenye matabaka ya zama za viwanda. Kigae cha kweli kina kingo kali zilizopinda, pengine na mapovu au mifereji ya gesi ndani yake.

Kisha kuna kioo cha maabara. Maabara moja niliyowahi kufanya kazi ilikuwa na bika za zamani zilizochakaa midomoni. Kwa siku tano nilihesabu vigae kwenye kila sampuli, hata kwenye ile ambayo ilikuwa maji safi matupu niliyoipitisha kwenye hatua zote ili kukagua uchafu. Ile sampuli tupu ndiyo iliyoniokoa. Bila hiyo ningetangaza mlipuko uliodumu karne nzima. Tangu siku hiyo sampuli tupu inakwenda pamoja na kila kundi la sampuli ninalolifanya, vyombo vyangu ni vya plastiki, na ngozi ya nje ya barafu naikwangua kwa kisu safi kabla ya kuyeyusha, kwa sababu mafuta yanayojazwa kwenye shimo wakati wa kuchoronga hushika uchafu na kupenya kwenye nyufa.

Onyo la afya: usijaribu kusafisha sampuli ya barafu kwa asidi ya hidrofloriki. Inayeyusha kioo hichohicho unachokitafuta, na ikikugusa ngozi hupenya hadi mfupani na inaweza kuua. Hata soda kali iliyopashwa moto, inayotumiwa na baadhi ya watu kuondoa diatomu, hubadilisha kemia ya kigae. Barafu ina uchafu mdogo kiasi kwamba hakuna haja ya kimojawapo.

DALILI: Mikroprobu inatoa jumla ya chini, au sodiamu inashuka

Mikroprobu hupiga kigae kwa mwale wa elektroni na kusoma miale ya X inayorudi, ikakupa silika, alumini, chuma, kalsiamu, potasiamu, sodiamu na wenzao kwa asilimia. Jumla ikiwa chini ya 95, kwanza angalia kama mwale umemwagikia kwenye gundi ya epoksi inayozunguka kigae. Vigae vya barafu ni vidogo, na mwale wa mikromita 10 uliozoeleka kwenye majivu ya nchi kavu ni mpana kupita kiasi. Maabara ya Edinburgh ilionyesha kwamba inawezekana kushuka hadi mikromita 5 na hata 3 kwa mkondo mdogo wa umeme. Ukipunguza upana bila kupunguza mkondo, sodiamu hukimbia kutoka mahali mwale unapogonga, na kioo chako kitaonekana maskini wa sodiamu na tajiri wa silika. Ndiyo sababu sodiamu hupimwa mwanzoni kabisa.

Vyanzo vingine: uso haukung'arishwa vizuri, au kioo kina maji ndani yake, ambayo mikroprobu haiyasomi. Alumini na kalsiamu zikiruka juu pamoja, umegonga kifuwele cha felspa. Chuma na titani zikiruka, umegonga oksidi. Futa kipimo hicho na uandike kwamba umekifuta na kwa nini.

Kabla ya kulaumu kigae, pima kioo cha rejea kinachojulikana kemia yake, kama obsidiani (kioo cha asili cha volkano) ya Lipari, Italia, mwanzoni, katikati na mwishoni mwa siku. Rejea ikiyumba, tatizo liko kwenye mashine. Hapo usiguse urekebishaji wake. Mwite fundi anayeisimamia, maana mabadiliko yako ya dakika tano yataharibu kazi ya wiki nzima ya watu wengine. Jambo jingine ni mpangilio. Leza ya kupima elementi adimu huchimba kigae na mara nyingi hukimaliza, kwa hiyo mikroprobu hutangulia siku zote.

DALILI: Kemia inakataa volkano niliyoitarajia, au inakubali mbili

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo fani yetu ilipojikwaa hadharani.

Wahenga walisema mkamatwa na ngozi ndiye mwizi. Kwenye barafu, volkano maarufu ya wakati unaokaribiana ndiyo inayokutwa na ngozi mkononi. Mwaka 1987 tabaka la asidi kwenye mche wa Dye 3, Greenland, lilipewa tarehe ya karibu mwaka 1645 KK na kuhusishwa na mlipuko wa Thera, yaani Santorini ya Ugiriki, ule uliofunika mji wa Akrotiri. Mwaka 2003 vigae kutoka mche wa GRIP vikatangazwa kuwa vya Thera. Mwaka uliofuata Nicholas Pearce na wenzake wakailinganisha kemia upya: vigae vile vilikuwa vya Aniakchak, volkano ya Alaska. Kazi zilizofuata zimethibitisha Aniakchak, na mwaka wake sasa ni 1628 KK. Wanahistoria wa Misri na Ugiriki walikuwa wamekwisha kupanga mijadala yao juu ya jina lisilo sahihi. Na Thera yenyewe bado haina kigae kilichothibitishwa kwenye barafu hiyo.

Vesuvius ya Italia ilifuata njia hiyohiyo. Tabaka moja la Greenland lilichukuliwa kuwa la mwaka 79 BK, mwaka mji wa Pompeii ulipofukiwa, na likatumika kama msumari wa kushikilia kalenda nzima ya barafu. Mwaka 2022 Gill Plunkett na wenzake waliona kwamba vigae vya tabaka hilo, vyenye mikromita 24 hadi 85, si vya Vesuvius. Kwa kemia yake vinaelekea upinde wa volkano za Aleutian, upande wa Alaska, na volkano yenyewe haijajulikana. Msumari ulikuwa umepigwa kwenye ubao mwingine.

Kwa hiyo chanzo cha kwanza cha dalili hii, kwa wingi na kwa madhara, ni matarajio yako. Dawa yake ni kufunika tarehe. Chora grafu zako za chuma dhidi ya kalsiamu na potasiamu dhidi ya silika bila kujua mwaka, uilinganishe kemia na hifadhidata nzima, siyo na mshukiwa mmoja.

Chanzo cha pili ni ndugu wa tumbo moja. Volkano moja hutoa majivu yaleyale kwa kurudia. Majivu ya Saksunarvatn, kutoka Grímsvötn ya Iceland zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, yalitumika kwa miaka mingi kama tabaka moja la kuunganisha maziwa na barafu, hadi ikabainika ni milipuko kadhaa yenye kemia inayofanana. Katla nayo, ya Iceland vilevile, iliyotoa majivu ya Vedde miaka 12,100 hivi iliyopita, imewahi kutoa kioo kinachofanana nayo nyakati nyingine. Elementi kuu zikishindwa kutofautisha ndugu, nenda kwenye elementi adimu kwa leza. Hizo zikishindwa, sema ni ya Katla na uishie hapo.

Cha tatu, makundi mawili ya kemia katika tabaka moja. Mwanafunzi huyaona akadhani kuna milipuko miwili. Inawezekana. Lakini mlipuko wa Changbaishan, kwenye mpaka wa Uchina na Korea Kaskazini mwaka 946 BK, ulitoa makundi mawili ya kioo peke yake, na yote mawili yamefika Greenland. Kama makundi yako yanaanza na kuisha kwenye sentimita zilezile, fikiria mlipuko mmoja kwanza.

Cha nne, volkano yako haimo kwenye hifadhidata, au iko mbali kuliko ulivyothubutu kutazama. Majivu yaliyoitwa AD860B yalijulikana kwanza kwenye mabwawa ya Ireland, na wengi hawakutazama zaidi ya Iceland. Mwaka 2014 yalithibitishwa kuwa ya Mlima Churchill wa Alaska, na yapo kwenye barafu ya Greenland njiani. Tabaka kubwa la salfeti la 1258 na 1259 lilionekana ncha zote mbili kwa miongo bila jina, mpaka Franck Lavigne na wenzake walipoitaja Samalas ya kisiwa cha Lombok, Indonesia, mwaka 2013. Walichunguza majivu kisiwani, na wakasoma pia Babad Lombok, maandishi ya kale kwenye majani ya mvumo yanayosimulia mlima kuporomoka na mji wa Pamatan kuangamia. Kuwae ya Vanuatu imepita upande wa pili: ilipewa tabaka la miaka ya 1450, kisha vigae kutoka barafu ya Ncha ya Kusini vya karibu mwaka 1459 vikakataa kuwa vyake.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hapa ni kigumu kidogo kukipanga. Pata majivu halisi ya mshukiwa kutoka nchi kavu, uyapime siku ileile, kwenye mashine ileile, kwa mwale uleule uliopimia vigae vya barafu. Takwimu zilizochapishwa miaka thelathini iliyopita kwenye mashine nyingine zinaweza kupishana na zako kwa kiasi kinachotosha kumfunga asiye na hatia.

Ukiwa na vigae vitatu tu, eleza kemia yake na uvipe kina chake. Jina acha. Ukiwa na vigae kumi na zaidi vinavyokaa kundi moja na bado volkano mbili zinakubali, ni wakati wa kumtafuta mtaalamu anayezijua volkano hizo ardhini kwake.

DALILI: Mche mmoja una tukio, jirani yake hauna

Kwa Antaktika ya ndani hili ni la kawaida. Dome C hupata theluji sawa na milimita 25 hivi za maji kwa mwaka, na upepo huisukuma iwe matuta na mabonde. Mwaka mmoja unaweza kufagiliwa wote. Miche mitano ilichorongwa hapo kwa umbali wa mita moja moja, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba anayetegemea mche mmoja ana uwezekano wa asilimia 30 wa kulikosa tukio la volkano. Hata mlipuko mkubwa wa Tambora, Indonesia, wa 1815 ulikosekana kwenye baadhi yake. Usifute tukio kwa sababu mche jirani hauna. Tafuta mche wa tatu, au mahali penye theluji nyingi kama WAIS Divide, Antaktika ya magharibi.

Tukio likionekana ncha zote mbili, desturi ni kusema volkano ilikuwa ya tropiki, kwa kuwa upepo wa stratosfea kutoka huko huelekea kaskazini na kusini. Ni dokezo zuri, ila milipuko miwili ya mwaka mmoja, mmoja kaskazini na mwingine kusini mwa dunia, hutoa picha hiyohiyo.

DALILI: Tarehe yangu inapishana na pete za miti au na historia

Anza na hesabu. Baadhi ya kalenda za barafu huhesabu miaka kurudi nyuma kutoka 2000, na za kaboni 14, inayopima umri wa mabaki ya viumbe, huhesabu kutoka 1950. Ukipishana na wenzako kwa miaka 50 kamili, umepata jibu. Ukipishana kwa mwaka mmoja upande wa KK, kumbuka historia haina mwaka sifuri, ilhali kompyuta inao.

Ukipishana kwa miaka saba hivi katika milenia ya kwanza BK, unatumia kalenda ya zamani ya Greenland, ileile iliyopigiliwa Vesuvius. Mwaka 2012 Fusa Miyake wa Japani aligundua kwamba pete za miti za 774 na 775 zina ongezeko la ghafla la kaboni 14, lililoletwa na miale kali inayoaminika kutoka kwenye Jua. Miale hiyohiyo hutengeneza berili 10, ambayo huanguka kwenye barafu. Michael Sigl na wenzake waliipata, na mwaka 2015 wakaisogeza kalenda ya barafu hadi ikakaa sawa na miti. Kadiri unavyorudi nyuma pengo linakua. Aniakchak, iliyokuwa 1642 KK kwa kalenda ya zamani, ilisogea miaka 14. Kila mara andika jina la kalenda kando ya mwaka.

Kama kalenda ni mpya na bado unapishana, tarehe ya upande wa pili ndiyo inaweza kuwa na kosa. Ilopango ya El Salvador ilihusishwa kwa muda na miaka ya baridi kali ya 536 na 540 BK. Vigae vyake vilipopatikana kwenye mche wa GISP2, vilikuwa vya mwaka 431, kwa shaka ya miaka 2 tu huku na huku. Usiisogeze kalenda ya barafu peke yako ili ikubaliane na mwaka unaoupenda. Wasiliana na wanaoitunza, uwape kina, kemia, na picha za vigae.

Kazi iliyofuata mpangilio mzuri, yaani asidi, tarehe, kigae, na historia mwisho, ni ile ya Joe McConnell na wenzake, 2020. Asidi ilikuwapo kwenye miche kadhaa ya Greenland na Urusi. Tarehe ilikuwa ya kalenda iliyosahihishwa: mapema mwaka 43 KK, mwaka mmoja baada ya Julius Caesar kuuawa. Vigae vilitoka GISP2, na kemia yake ililinganishwa na majivu ya Okmok ya Alaska na kukubali. Baada ya hapo tu ndipo walipofungua vitabu vya historia, na humo wakakuta njaa Italia, na Mto Nile, unaofurika kwa mvua za nyanda za juu za Ethiopia, ukishindwa kufurika Misri katika enzi ya Kleopatra.